Maneno Mawili Niliyomwandikia Joeli

Mwanangu Edina,

Umekwenda kusukwa nywele, na mama yako yuko sokoni anakutafutia vitu vya njiani, kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka jioni. Nimekaa kwenye meza ninayosahihishia madaftari. Nina kalamu na karatasi, na bado imepita saa nzima sijaandika kitu.

Mambo ya safari sitayagusa. Chandarua, maji ya kuchemsha, kutomwachia mtu begi lako, yote hayo mama yako ameshakuambia, na anayajua kunizidi. Mie nina jambo moja, na nimelikalia miaka kumi na mmoja. Ningekuwa mwanaume wa kweli ningekuita ukumbini nikakueleza uso kwa uso. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza uliniuliza, "Baba, unaumwa?" nikasema kichwa. Mara ya pili nilikuta unapiga pasi nguo zako mpya za kazi huku unaimba, nikarudi chumbani.

Nianze na ile Jumamosi tuliyokufanyia sherehe. Unakumbuka Bamdogo Joeli alivyosimama na soda mkononi, wageni wote wamekaa, akasema: "Mnamwona huyu mtoto? Anakwenda Mpanda kufundisha Kiingereza. Kamfuata baba yake. Kaka yangu huyu, kwa Kiingereza, hakosei." Watu wakapiga makofi. Wewe ulicheka ukaniangalia. Nami nikainama kama nafunga kamba ya kiatu. Edina, siku ile nilivaa viatu visivyo na kamba.

Bamdogo wako umemjua akiwa fundi wa kuchomelea mageti pale Manzese, mikono imejaa makovu ya cheche. Hukumjua vizuri kabla ya hapo, ulikuwa darasa la nne. Alikuwa mtunza stoo wa kampuni moja karibu na Ubungo iliyokuwa inauza pampu za maji. Alikuwa na mke, ana chumba na sebule, anavaa shati la mikono mirefu kila siku ya kazi. Na alikuwa na rafiki, Salimu, mtoto wa wauza duka wa Temeke, Mwarabu wa hapahapa mjini. Salimu alikuwa karani wa masjala palepale kazini. Walikuwa hawaachani. Mwezi wa Ramadhani Joeli, Mlokole wa Singida, alikuwa anafuturu kwa akina Salimu, na Krismasi Salimu anashinda kwetu. Wewe alikuwaga anakuletea kashata.

Jumatatu moja wakafika kazini wakakuta pampu kumi na kitu hazipo, na mlango wa stoo hauna hata mkwaruzo. Joeli akapewa barua ya kutakiwa kujieleza ndani ya siku mbili, kwa Kiingereza, kwa sababu mkurugenzi alikuwa mgeni na hakusoma Kiswahili. Joeli aliishia darasa la saba, akaongeza ufundi. Akaja kwangu moja kwa moja. Kile kituo changu cha kufundishia Kiingereza jioni kilikuwa kimeshika kasi wakati ule, madawati hayatoshi, na kibao changu cha bluu barabarani kinasomeka toka kwenye kituo cha basi.

Alikaa dawati la mbele kama mwanafunzi. Akasema, "Kaka, mie nilifunga. Ninakumbuka nilifunga na nikautikisa mlango. Lakini wao wanasema nimeuacha wazi. Waandikie hivi: hata kama niliuacha wazi, mie si mwizi. Na uwakumbushe kwamba funguo nyingine anayo meneja."

Nikaandika palepale, kwa mwendo wa kujionyesha, maana wanafunzi wa jioni walikuwa wameanza kuingia. Nikaandika: "Even though I left the door open, I am not a thief."

Wewe ni mwalimu sasa. Umeshaona.

Joeli alisema "hata kama". Yaani hakubali kwamba aliacha mlango wazi, anasema tu tuchukulie ni hivyo. Hapo Mwingereza anasema "even if". Mie niliandika "even though", ambayo ni "ingawa". Ingawa niliuacha mlango wazi, mimi si mwizi. Nilimkiria kosa ambalo hakulitenda, kwa jina lake, na akatia sahihi yake chini. Na unajua kwa nini nilichagua lile? Kwa sababu lilisikika zito zaidi. Niliona "even though" ina heshima ya kiofisi, na "even if" ni ya wanafunzi wanaoanza. Nilikuwa nimefundisha miaka sita kwamba yote mawili ni kitu kimoja, chagua unalolipenda. Hakuna aliyewahi kunibishia, maana waliokuja kwangu walikuwa wanajua kidogo kuliko mie, nami nikalichukulia hilo kuwa ndiyo elimu.

Barua ikachapwa steshenari, Joeli akampelekea Salimu masjala, Salimu akaigonga muhuri. Baada ya siku tatu Joeli akaitwa. Walimsomea kwa Kiswahili: "Wewe mwenyewe umekiri kwamba uliacha mlango wazi." Akasema sijakiri. Wakamwonyesha sahihi yake. Siku hiyohiyo akapoteza kazi, na jioni yake polisi wakamchukua. Alikaa rumande miezi minne. Kesi ya wizi ilikuja kufutwa, ushahidi haukuwepo, lakini kazini jambo lilikuwa limekwisha, kwa sababu uzembe alikuwa ameukubali kwa maandishi. Mkewe alikuwa amesharudi kwao kabla hajatoka. Hakurudi tena.

Mpaka hapo, mwanangu, unaweza kuniita mjinga. Mjinga anasameheka. Subiri.

Wiki ya tatu Joeli akiwa ndani, nilikuwa darasani nafundisha viunganishi. Kulikuwa na binti anaitwa Zuhura, alikuwa anapokea wageni kwenye hoteli moja. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Hii 'even though' si mpaka jambo liwe limetokea kweli? Kuna mgeni alinicheka jana. Nilimwambia 'even though it rains tomorrow', akasema hiyo kesho umeiona wapi?" Darasa likacheka. Nikamjibu, "Wageni wengine nao hawajui lugha yao. Yote sawa. Tuendelee."

Nilipofika nyumbani nilifungua kitabu cha sarufi, kile chenye gamba jekundu, ambacho nilikuwa nacho kabatini miaka yote hiyo. Ukurasa mmoja tu. Mifano minne. Nilisoma nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta nakala ya barua ya Joeli, nikaiweka juu ya kitabu. Mama yako aliniita kula mara tatu.

Kwa hiyo nilijua. Ndugu yangu analala sakafuni kwenye rumande, kichwa kwenye miguu ya mtu mwingine, na mie nilijua ni kwa nini. Kesho yake nilikwenda mpaka kwenye lile lango la kampuni na nakala mfukoni. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, nikusaidie nini?" Nikawaza: nikiingia humu, nitasema mimi mwalimu wa Kiingereza sijui Kiingereza. Litatoka humu lifike Manzese kabla yangu. Nikamwambia mlinzi nimepotea njia. Nikarudi.

Nilijifariji kwamba akitoka nitamwambia. Alipotoka alikuwa amekonda mno, nikasema ngoja apate nguvu. Halafu yakaja malalamiko yake kwenye usuluhishi wa mambo ya kazi, nikasema huko ndiko nitakosema, mbele ya watu wa sheria, litasaidia. Nilivaa suti. Msuluhishi alikuwa mama mmoja mtulivu, miwani imeshuka puani. Akamwuliza Joeli, "Barua hii alikuandikia nani?"

"Kaka yangu huyu hapa," Joeli akasema, na akanishika bega. "Ni mwalimu wa Kiingereza. Yeye hakosei. Kama barua ina neno ambalo sikulisema, basi hiyo si barua aliyoniandikia. Siku ile Salimu wa masjala alinisainisha karatasi nyingi."

Yule mama akanigeukia. Akaisogeza barua mbele yangu. "Mwalimu, hii ndiyo uliyoiandika?"

Niliitazama. Ilikuwa yenyewe. Mpangilio wangu, koma zangu. Salimu alikuwa amekaa upande wa pili na watu wa kampuni, amenikodolea macho, ananingoja niseme ndiyo ili asafike. Joeli naye ananingoja. Nikasema, "Siwezi kuwa na uhakika. Ni muda mrefu umepita."

Maneno hayo nayasikia hata nikiwa naoga. Yale mawili ya Kiingereza niliyaandika kwa kutojua. Haya ya Kiswahili niliyasema huku najua kila silabi inakwenda kumfanya nini mtu aliyekaa pale mbele.

Joeli alishindwa. Kuanzia siku ile akaamini kwamba Salimu alibadilisha barua ili kumlinda meneja. Salimu alikuja Manzese mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa mvua, amesimama nje ya chumba kile cha uani kwetu alichokuwa analala Joeli wakati ule, maji yanamchuruzika kwenye kofia, anasema, "Wallahi, Joeli, karatasi yako sikuigusa. Nifungulie basi tuongee kama watu." Joeli hakufungua. Mie nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi, ninasikia. Nilikunywa chai yangu mpaka akaondoka.

Sasa nije kwako.

Ulikuwa kidato cha pili. Ulikuja na daftari ukaniuliza, "Baba, 'even if' na 'even though' zinatofautianaje?" Maskini mtoto, ulikuwa umeuliza swali la kawaida kabisa la shuleni. Mie niliona kama umetumwa. Nikasema zote ni "hata kama", nenda kalale. Ukaandika hivyo, ukakosa. Siku ya pili ukarudi na daftari, umefurahi kwa kuwa umejifunza kitu, ukasema, "Baba, mwalimu ametueleza, si kitu kimoja! Moja ni jambo lililotokea, nyingine..." Nikakupiga kofi. Sikuwa nimewahi kukupiga usoni. Hukulia. Uliokota daftari, ukalifuta vumbi kwa kiganja, ukaenda uani kwa bamdogo wako. Nilimsikia akikubembeleza: "Baba yako amechoka tu. Msamehe. Kufundisha kunachosha."

Toka siku hiyo hukuniuliza tena swali la Kiingereza. Miaka yote ya sekondari, na chuo, umejisomea peke yako, na baba yako anafundisha mtaa mzima. Watu walidhani una kiburi. Nami niliwaacha wadhani.

Nimejiuliza sana kwa nini mtu mzima amzibe mdomo mtoto aliye sahihi. Jibu ninalo, ila halinipi ahueni. Ukishaficha kitu, kila anayesema kweli karibu yako unamwona mwizi anayechokonoa mlango wako. Nilimwona Zuhura hivyo, nikakuona wewe hivyo. Hata kitabu kile nilikitoa ndani nikakigawa.

Salimu alifariki mwaka jana. Ulikuwa chuoni, ulisikia juujuu tu. Kijana wake mkubwa alikuja mwenyewe Manzese kumwambia Joeli, akasema baba kabla hajafa alimtaja. Joeli akasema, "Nina kazi ya watu," akashusha miwani ya kuchomelea. Alichomelea mpaka giza, geti ambalo halikuwa na haraka yoyote. Mie nilikwenda mazikoni. Nilisimama kwenye mstari, nikatia udongo kaburini. Yule kijana akanishika mkono kwa mikono miwili: "Shikamoo mzee. Ahsante mwalimu, wewe angalau umekuja." Nikaitikia marahaba. Nikala na ubwabwa.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini Jumamosi, Joeli alipoinua soda yake akanisifu, nilishindwa kuinua kichwa.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata kwenye chumba anachopanga siku hizi, mtaa wa pili. Alikuwa anapiga pasi shati. Nikakaa kitandani, nikasema, "Joeli, ile barua Salimu hakuibadilisha. Ndivyo nilivyoiandika mie. Nilikosea neno."

Hakunyanyua uso. "Neno gani?"

Nikamweleza. Nilimfundisha ndugu yangu kiunganishi, Edina, kama anavyofundishwa mtu wa darasa la kwanza la jioni, na pasi inatoa mvuke katikati yetu. Hakuna somo nililowahi kulifundisha likaeleweka haraka vile. Akasema, "Kumbe hata Kiswahili kinayatofautisha. 'Hata kama' siyo 'ingawa'. Sasa wewe ulishindwa nini kuniuliza? Ungeniuliza tu: Joeli, mlango uliuacha wazi au hukuuacha?"

Nikalitazama shati alilokuwa anapiga pasi.

"Sawa," akasema. "Binadamu anakosea. Ulijua lini?"

Hapo nilitaka kudanganya tena. Nakuapia, hata pale, na mvi hizi, uongo ulinijia mdomoni ukiwa umeshapangika: nilijua mwezi uliopita. Nikaumeza. Nikamwambia, "Ukiwa rumande. Wiki ya tatu."

Akaisimamisha pasi. Akaichomoa kwenye umeme, akauzungusha waya wake taratibu. Halafu akasema kwa sauti ya chini sana, "Alikuja mlangoni kwangu kwenye mvua. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unakunywa chai. Nilisikia kijiko."

Nikapiga magoti. Akaniambia, "Usinifanyie hivyo, unyanyuke utoke." Nikatoka.

Nilimwambia mama yako usiku uleule. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Miaka yote hii unakula naye sahani moja?" Toka hapo analala na wewe chumbani kwako, nawe unadhani ni kwa sababu unaondoka.

Jumatano Joeli alikwenda Temeke kwa mjane wa Salimu. Mama yako ndiye aliyeambiwa kwa simu. Yule mama alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Salimu alishakusamehe zamani, shemeji. Ila alikuwa anaumia." Kijana akampeleka makaburini. Amekaa huko mpaka walipomfuata. Kazini hajaenda tangu juzi, na majirani zake wanasema hapiki. Mimi nikifika mlango anaufunga. Nimekwenda mara nne. Nagonga, namsikia anapumua, hafungui. Sijui nifanye nini, mwanangu. Nimefundisha watu mia sijui ngapi kusema "I am sorry", na sina namna ya kulipitisha kwenye mlango wa bati.

Sikuandikii ili unitetee kwake. Usinitetee. Wala usinijibu barua hii kwa haraka ya huruma, maana nakujua. Na sitakupa nasaha za ualimu, sina uso huo. Nitasema tu nilichokiona kwangu: kosa lilikuwa dogo, la maneno mawili, lingesahihishika kwa nauli ya kwenda Ubungo na aibu ya siku moja. Niliikwepa aibu hiyo, nayo ikalipwa na watu wengine. Wewe utakosea ubaoni, kila mwalimu hukosea. Mtoto wa Mpanda atanyoosha mkono. Ikiwa mikono yako itataka kufanya kama yangu, iweke mfukoni, umsikilize mpaka amalize.

Kibao cha barabarani nimekiteremsha jana. Wanafunzi waliobaki nimewaambia sababu. Wengine hawakuamini, mmoja alicheka, wawili wamesema watarudi hata hivyo, sijui kama nitawapokea. Nimeandika pia barua kwa watoto wa Salimu, kwa Kiswahili, nikataja siku ile ya usuluhishi na nilichosema. Nitaipeleka kwa mkono.

Limebaki la kesho. Mama yako ameletewa ujumbe leo asubuhi. Joeli amesema: "Mtoto nitamsindikiza mie mpaka stendi ya Mbezi, kama nilivyomwahidi. Ila nisimkute kaka yangu." Mama yako alinitazama, nikasema sawa.

Basi atakuja saa tisa alfajiri. Ukiamka usiponikuta, usidhani nimelala, wala usinitafute. Nitakuwa nimetoka kwa mlango wa uani ili yeye aingie kwa huu wa mbele bila kusita. Mwache abebe begi kubwa, hata kama unaliweza. Ongea naye ya kawaida, mchekeshe ukiweza, na umlazimishe ale kitu pale stendi, maana hajala. Mie nitakuwa ng'ambo, kwenye kibanda cha fundi baiskeli, gizani. Mtapita mbele yangu. Sitawaita.

Baba yako.